Umeipata?

Tukio la filamu siku hiyo lilikuwa la mama aliyefiwa na mtoto, na mwigizaji Mwanaidi, aliyemzika mwanawe mwezi uliopita, alilia kweli. Alipomaliza, mwongozaji alimgeukia mpiga kamera.

"Mzee Shomvi, umeipata?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mikanda ilipelekwa ng'ambo kusafishwa na picha kuonekana wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo neno la mpiga kamera ndilo lililoamua kama tukio limekamilika au lirudiwe. Miaka thelathini Shomvi hakuwahi kudanganya. Lakini leo jicho lake lilijaa machozi katikati ya kazi, na hakujua kama picha imetoka safi au ukungu mtupu.

Mwanaidi alimgeukia. "Kaka, nirudie?"

Shomvi alipangusa kwa shati pale anapowekea jicho kwenye kamera. Akapangusa tena, ingawa palishakauka.