Jua la Hamidu

Jumapili ile, Dodoma nzima ikiomba mvua, Kuluthumu alikuwa akiomba jua.

Hakuliomba jua la Nzuguni. Hilo lilikuwepo la kutosha na kusaza, na mahindi ya uani yalikuwa yameshakunja majani. Aliomba jua la Ulaya, la mlima mmoja ambao hata jina lake lilimshinda kulitamka. Alikaa sebuleni, simu ya bintiye mkononi, akitazama theluji.

Shamila, huyo bintiye anayesoma chuo kikuu kule Chimwaga, ndiye aliyeigundua kamera. Wenye mlima wameifunga juu ya nguzo ili wageni waone hali ya theluji kabla hawajafunga safari. Tangu hapo bando lote la Shamila likawa linaishia huko.

"Hodi humu!"

Alikuwa Evodia, mpangaji mpya wa chumba cha uani. Hata mwezi hakuwa amemaliza.

"Mama Hamidu, shikamoo. Mbona hukwenda na wenzako kwenye dua ya mvua?"

"Marahaba, mwanangu. Dua yangu ingegombana na yao."

Evodia akacheka, akachungulia simu. Watu wadogo kama sisimizi walikuwa wakiteremka mlimani kwa mbao za kutelezea. Ilikuwa siku ya mwisho ya msimu, na wengine walikuwa wamevua mashati, wakichoma nyama palepale kwenye theluji.

"Makubwa! Kifua wazi kwenye baridi yote hiyo! Na Hamidu ndiye anayefanya kazi hapo?"

"Alikwenda Novemba, yeye na mwenzake Cornel, kijana wa Farkwa. Kazi ya kuwapakia wageni kwenye viti vinavyopanda mlima kwa waya."

"Si ndiyo wanafunga leo? Basi anarudi!"

"Cornel anaondoka kesho, kibali chake kinaisha. Ameniahidi kuja na Hamidu. Lakini theluji isipomwachia leo, Cornel atakuja peke yake. Mwanangu atabaki huko na watu wasiomjua hata jina."

Alisema hivyo akiwa ameikaza simu kwa mikono miwili. Aliogopa, na hakujaribu kuficha.

Evodia hakuelewa sana, lakini mikataba ya ughaibuni ina mambo yake. Akaona amchangamshe mama wa watu.

"Atakuja, mama. Tena na masanduku ya zawadi!"

"Arudi yeye tu. Nilimfumia sweta nyekundu, nikamwambia arudi nayo. Sina ninachotaka zaidi ya hapo."

Shamila, aliyekuwa ameketi kando ya mama yake, alinyanyuka, akaingia jikoni. Maji yakasikika yakimwagika muda mrefu kuliko vyombo vilivyokuwepo.

Evodia akayageukia majamvi matatu ya msikiti yaliyokuwa yameegemea ukuta. Alishayaona siku nyingi. Mzee Adamu, mtunza msikiti, alikuja kuyaulizia mara mbili, na mara zote mbili aliondoka mikono mitupu.

"Na haya?"

"Yaliletwa Januari, nikakataa yatandikwe. Hamidu akifika ndipo yatatandikwa."

"Basi siku hiyo pilau niachie mimi."

"Utanisaidia, mwanangu. Watu watakuwa wengi."

Wakarudi kwenye simu. Evodia alifuata wanaoteleza, akiwacheka wanaoanguka. Kuluthumu hakuwatazama hao. Macho yake yalikuwa kushoto, chini ya genge, palipozungushiwa kamba na vibendera.

"Huko mbona hawatelezi?" Evodia aliuliza.

"Theluji iliporomoka," Shamila alijibu kutoka mlangoni. "Wakapafunga."

Jua la huko lilikuwa kali. Kwenye kamba, nguzo ambayo wiki iliyopita ilionyesha kichwa tu, leo ilikuwa imesimama nusu nzima. Kuluthumu aliipima kwa kidole kwenye kioo, midomo ikicheza kwa dua.

Mara mtu mmoja mwenye koti la njano akaruka kamba. Akafuata wa pili, halafu watano. Waliinama mahali pamoja. Juu ya weupe ule kulikuwa na kitone chekundu, kidogo mno, ambacho asubuhi hakikuwepo.

Mmoja wao akavua kofia.

Simu ikaita hapohapo, picha ikapotea. Jina la Cornel. Kuluthumu aliiweka sikioni.

"Marahaba, baba. Sema... Umemwona kwa macho yako? ... Na sweta? ... Ni yenyewe? ... Alhamdulillahi. Asante, baba. Njoo naye nyumbani."

Evodia hakusubiri zaidi. Alipiga kigelegele kimoja kirefu cha kumpokea mwana wa mwenzie, kikasikika hadi nyumba ya tatu.

Kuluthumu hakumkemea. Alibeba jamvi la kwanza, akalitandika nje kwenye kivuli cha ukuta, akavua kandambili, akaketi.

"Shamila," aliita, na kwa mara ya kwanza tangu Januari sauti yake ilipasuka. "Mpigie mjomba wako Halfani, wachimbe pale kando ya baba yenu. Na wale wanawake niliowafukuza, waambie warudi. Sasa ninaye wa kuzika. Waje tulie."