Mkaja wa Mwanakheri

Krrr. Sauti ilitoka chini ya kanga, na pumzi ya Mwanakheri ikakatika. Mkaja ulikuwa umejikaza tena.

Kila mwanamke akijifungua huvishwa mkaja, mshipi wa tumboni, nao haufunguki mpaka arudie uzito aliopimwa siku ya harusi yake. Mwanakheri alipimwa baada ya kushinda siku nne bila kula, ili gauni limkae. Sasa kila bakuli la uji alilokunywa liliukaza mkaja, na kila alilokataa lilimpunguzia maziwa. Shamsa, binti yake wa wiki sita, alinyonya, akaachia, akalia.

"Si ulitaka kiuno cha nyigu," mama yake Mwanakheri alimtania, akimsogezea uji wa pilipili manga.

"Mama, wako ulifunguka lini?"

Mama alipandisha blauzi yake kidogo. Mkaja ulikuwa pale, umepauka, umezama ndani ya nyama.

"Nilijinyima hadi maziwa yakakauka. Wewe nilikulea kwa maziwa ya kopo," alisema.

Mwanakheri alivuta bakuli, akanywa uji wote. Krrr. Akamkumbatia mtoto kifuani.

"Utanyonya, Shamsa," alisema kwa pumzi fupi. "Na wewe hawatakupima. Naapa."