Chumba cha Namsifu

Siku hizo kila nyumba ilihesabu pumzi za waliolala ndani yake, na chumba kilichokosa pumzi kwa miaka mitatu kilivunjwa kwa sheria. Namsifu alikuwa ameondoka Usangi bila kuaga. Mama yake, Nakiete, alijaribu kulala chumbani kwa binti yake kila Jumamosi, lakini nyumba ilizijua pumzi zake na haikuzihesabu.

Miaka mitatu ikatimia, basi akaja mwanamke msanifu wa majengo, mpole, na mchoro wake.

"Mama, kuta za udongo alizojenga mzee hapa hatuzigusi, wala baraza. Ila hapa kwa binti tutapata jiko pana, lenye mwanga, na makabati mpaka darini."

"Na akirudi?"

"Atakuta jiko zuri," akadakia Elieza, mume wa Nakiete, bila kumtazama mkewe.

Nakiete akatia kidole gumba kwenye mchoro.

Jiko lilipendeza kweli. Majirani walikuja kulitazama, na polepole Nakiete mwenyewe akaanza kulipenda, jambo lililomuumiza kuliko yote.

Mwaka uliofuata, mchana wa mvua, Namsifu alipiga hodi, amekonda, na begi moja mkononi. Walikumbatiana mlangoni wakalia. Ndipo mlango ukasema kwa adabu:

"Karibu, mgeni. Nyumba hii haina nafasi ya kulala. Utaondoka saa kumi na mbili jioni."

"Mama, mgeni ni nani?"

Nakiete alimvua koti lililolowa, akamkalisha, akabandika sufuria harakaharaka. Ilikuwa saa tisa na nusu.