Mzigo wa Usiku Mmoja

Nanga ilipozama kwenye tope, binti alichomoa ufunguo wa injini akautumbukiza ndani ya soksi yake. Kisha akaingia kibandani kuchemsha chai, kana kwamba hakuna alichofanya.

Baba yake alikuwa ameketi nyuma ya boti, miguu juu, akiutazama mto kama mtu anayetazama shamba lake. Watu wa gatini walimwita Nahodha, ingawa mpaka anastaafu alikuwa karani wa bohari. Boti yenyewe ilikuwa ndogo: usukani, jiko la gesi, na kibanda chenye vitanda viwili vyembamba. Aliinunua baada ya kuuza duka la kushonea la mkewe, pamoja na vyerehani vyake vyote. Hakumwambia. Mama alikwenda kazini asubuhi, akakuta mlango umefunguliwa na mtu mwingine.

Tangu hapo binti hakuweza kumtazama baba yake bila hasira kumpanda. Lakini leo alimchekea mchana kutwa, maana mama alikuwa amemwomba.

"Mtoe nyumbani usiku mmoja tu, mwanangu," mama alimwambia kwenye simu. "Mwambie unataka akutembeze mtoni, hatakataa. Mjomba wako atakuja na pikapu na vifaa vyake. Mkirudi, mambo yatakuwa yamekwisha. Mimi na baba yako basi tena."

Mjomba alikuwa seremala. Binti hakuhitaji kuuliza vifaa vya nini. Kabati la mama lisingepita mlangoni bila kufunguliwa vipande vipande.

Hilo nalo lilimchoma. Nyumba ile ilijengwa na bibi, akamwachia mama. Leo mama ndiye wa kuondoka, na Nahodha abaki akijinyoosha sebuleni. Tena kwa safari ya usiku mmoja mama alikuwa amemfungashia mumewe mashuka mapya, mablanketi mawili, sufuria, sabuni ya kufulia na dawa za presha za mwezi mzima. Akauliza hata kama paa la kibanda linavuja. Mtu anamkimbia mumewe, na bado anamtandikia kitanda.

"Chai haina sukari," baba alisema. "Hata hili mama yako hakukufundisha?"

Binti alimsogezea kopo la sukari.

Jua lilipokuwa likizama, baba alipiga simu nyumbani. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Kisha akainuka, akaenda kwenye usukani, akapapasa.

"Ufunguo uko wapi?"

"Tunalala hapa, baba. Si ndivyo tulivyokubaliana?"

"Nimeuliza ufunguo uko wapi."

"Ninao mimi."

Alimgeukia taratibu. "Mama yako hapokei simu. Lini umewahi kumwona hapokei simu yangu?"

"Labda amechoka."

"Amechoka na nini? Mtu anashinda nyumbani, mikono mitupu."

Hapo binti alisahau ahadi zote. "Mikono mitupu nani kamfanya? Hapo ulipokanyaga ndipo vyerehani vyake vilipo. Uliuza kazi yake ili watu wakuite Nahodha."

Baba aligonga ubao kwa ngumi. Kikombe kikaruka, kikatumbukia mtoni.

"Boti hii ni ya familia."

"Mama ameipanda mara ngapi?"

Mshipa wa shingo ulimtutumka baba. "Hasira hasara," alisema. "Utakuja kunikumbuka."

"Hasira hizi si zangu peke yangu. Nyingine nimezirithi kwa aliyekatazwa kukasirika."

Baba alimwamuru atoe ufunguo. Alimtishia, akamlaani, akamwita mtoto wa mama yake, na kwa mara ya kwanza binti aliona hilo si tusi. Alikaa mlangoni mwa kibanda, magoti kifuani, akatikisa kichwa tu. Kurudi gatini kwa kuogelea hakukuwezekana, na mzee alilijua hilo. Mwishowe alijitupa kitandani, akampa mgongo. Binti hakulala. Alimfikiria mama juu ya pikapu, mito na masanduku yakimgonga ubavu, akiiacha nyumba ya bibi gizani, na machozi ya hasira yakamtoka bila sauti.

Kulipopambazuka alimpa baba ufunguo. Wakarudi gatini. Baba alishika usukani kama anayemnyonga mtu.

Walipokunja kona ya mwisho, binti aliona gati. Pikapu ilikuwa pale. Mjomba alikuwa pale. Na mama alikuwa pale, amevaa gauni lake la kutokea, amezungukwa na masanduku. Kwa nini hajaondoka? Usiku mzima wa kumzuia huyu mtu, kumbe bure.

Baba naye aliona. Aliigongesha boti kwenye gati, hata kamba hakuifunga.

"Kumbe ndiyo mipango yenu," alinguruma. "Unatoroka kama mwizi. Haya, nenda. Lakini ukitoka kwangu umetoka, usije ukanililia mlangoni. Unakwenda wapi na mizigo yote hiyo?"

"Siendi popote," mama alisema.

Mjomba aliinama, akanyanyua sanduku la kwanza, akalishusha ndani ya boti, miguuni mwa shemeji yake. Akarudi kuchukua la pili.

Mama alimnyooshea binti mkono. "Shuka, mwanangu, twende nyumbani ukapumzike. Mjomba wako amebadilisha vitasa vyote, na baba yako yuko kwake tayari."