Kikombe Kimoja cha Mchanga

Mama Redio alifungua zipu, akamimina kikombe kimoja cha mchanga ndani ya mfuko wa mazoezi, akafunga, kisha akajifanya anatafuta sindano sakafuni.

Hakuna aliyemwona. Binti yake alikuwa bafuni, anaoga huku anaimba, hana habari kwamba mama mzazi anamzidishia mzigo kwa siri.

Jina la Redio alipewa na majirani wa jengo lao, naye hakulikataa. Habari ikifika kwenye cherehani yake dukani asubuhi, adhuhuri imeshapanda mpaka ghorofa ya nne, alikokuwa akiishi. Ilipanda upesi kuliko mwenyewe. Yeye alipanda kwa vituo: kituo kwa mke wa fundi bomba, kituo kwa mjane mwenye paka, na kila kituo kina stuli yake na umbeya wake.

"Sio umbeya," alikuwa akijitetea. "Ni magoti."

Na kweli magoti yalilia kuliko bawaba za mlango mbovu. Daktari alimwambia afanye mazoezi. Mama Redio alicheka mpaka daktari naye akacheka. "Mwili huu, daktari? Huu umeshashonwa ukaisha. Haupunguzwi tena."

Mazoezi alimwachia binti, mkimbiaji wa kuruka viunzi, mwembamba kama uzi wa kutarizi. Siku ya kuchagua timu ilikuwa inakaribia, na mpinzani wake, binti wa muuza vioo, alikuwa na mapaja kama nguzo za daraja. Kocha naye, mwanamke mpole asiyepandisha sauti, alikuwa bado anawachuchumaza wasichana na mpini wa ufagio mabegani. Ufagio!

"Kocha," Mama Redio alimvaa getini, "mwanangu namlea aruke, sio afagie. Mpe uzito!"

"Mwili wake bado unakua, mama. Kwanza mkao, ndipo uzito. Tena kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo mpaka lini? Mpaka awe bibi?"

Kocha alimtazama yeye, akamtazama binti aliyesimama kando, wakaangaliana kidogo.

"Haya," akasema. "Wewe si fundi? Shona mfuko wa turubai, utie mchanga kiasi. Mikanda ipime kwenye mabega yako, maana wewe ndiye utakayeubeba kuja na kurudi. Sitaki binti afike hapa amechoka."

Mama Redio aliondoka pale kichwa juu, kama aliyeshinda kesi. Alishona mfuko jioni ileile, mshono maradufu, akauwekea zipu ndogo ubavuni. Zipu ya nini? Hilo alilijua mwenyewe.

Ikawa kila siku ya mazoezi anajitwika mfuko mgongoni, anashuka ngazi, anavuka barabara, anapandisha kilima mpaka geti la uwanja, ambapo wazazi hawaruhusiwi kupita. Kocha anaupokea, anaupima kwa mkono, anatabasamu. "Magoti vipi leo, mama?" Mtu ana adabu zake! Jioni Mama Redio anaurudisha mpaka ghorofa ya nne. Na kila wiki, binti akiingia bafuni, kikombe kimoja. Haba na haba hujaza kibaba. Waliosema hivyo hawakuwa na zipu, lakini mambo waliyajua.

Ajabu ni kwamba binti hakulalamika hata mara moja. "Damu yangu hiyo," Mama Redio alijisifu kwa wateja, yeye ambaye akiokota kifungo sakafuni humwita Mungu mara mbili, akiinama na akiinuka.

Mjane mwenye paka ndiye aliyelalamika. "Siku hizi unanipita mlangoni kama nakudai. Stuli yako imeota vumbi."

"Nina haraka, mwenzangu. Tutaongea."

Hata sketi zake zikaanza kumtoroka kiunoni. Akawalaani wauza mipira ya kiunoni: siku hizi kila kitu feki.

Alasiri moja, alipokwisha kumpelekea Kocha mfuko na kurudi kwenye cherehani, aliingia muuguzi kupunguziwa sare. Mama Redio alipiga magoti kupima pindo, pini mdomoni.

"Tuna kijana wodini," muuguzi alisema. "Mwanariadha, rika la binti yako. Walimtwisha vyuma vizito kabla ya wakati. Mgongo, mwenzangu! Kufunga kamba za viatu hawezi."

Mama Redio hakungoja amalize. Alitema pini, akaruka juu, akatoka mbio na tepu ya kupimia shingoni.

Alivuka barabara bila kutazama. Alipandisha kilima akijitukana: mchawi wewe, na kikombe chako! Alimsukuma mlinzi wa geti, akaingia uwanjani.

"Mtueni mwanangu ule mfuko!" alipiga kelele. "Nimeujaza mchanga! Mimi, kwa mkono wangu huu!"

Wasichana waligeuka. Kila mmoja alikuwa na mpini wa ufagio mabegani, na binti yake kati yao, mgongo umenyooka kama rula. Mfuko wa turubai ulikuwa nyuma ya geti, umetundikwa kwenye msumari, peke yake.

Kocha alimtazama magotini. "Umekimbia kutoka dukani mpaka hapa, mama? Bila kituo?"

"Kituo gani, na mtoto anavunjika mgongo!"

Binti alishusha ufagio wake, akamgeukia Kocha.

"Si nilikwambia? Angejua mfuko ni wa mazoezi yake yeye, asingeubeba hata ngazi moja."