Kurasa Zisizo na Namba

Sanduku la marehemu lilikuwa linaongezeka.

Elmina aligundua hivyo asubuhi moja ya ukungu, alipokuwa akihamishia makaratasi kwenye majalada mapya. Kila ukurasa wa sanduku lile aliutia namba yeye mwenyewe, kwa penseli, kwenye pembe ya chini. Sasa kulikuwa na kurasa zisizo na namba. Mwandiko ulikuwa uleule wa kulalia kushoto, ila karatasi zilikuwa nyeupe na wino haujapauka.

Mwizi wa maktaba anajulikana: huingia na koti pana, akatoka na kitu ndani yake. Za mwizi ni arobaini. Lakini anayeingia na kitu akakiacha, za huyo ni ngapi?

Marehemu aliitwa Omariba, mchuma chai na mshairi, na ndiye aliyemzaa Elmina. Mashairi yake aliyaandika nyuma ya risiti za kupimia majani, akazikunja na kuzitia mfukoni, ndiyo maana mengine yana madoa ya utomvu hadi leo. Lile linalopendwa zaidi, ambalo watoto wa shule kule Kericho hulikariri kwenye mashindano, ni la jirani aliyezama ziwani asionekane. Watu wa kwao walimzikia mgomba ndani ya jeneza badala ya mwili, kama ilivyo desturi ya Wakisii, ili kilio kipate mwisho.

Omariba alikufa mwaka wa fujo za uchaguzi, Elmina akiwa darasa la pili. Nyumba yao ilikuwa imechomwa, Elmina na mama yake wamekimbilia Kisii kwa nyanya, mzaa baba, na huko ndiko Omariba alikozikwa. Mazishi yale Elmina huyakumbuka vipandevipande: nyanya akishika panga na njia ya migombani, jioni ya kuamkia siku yenyewe, jeneza ambalo halikufunguliwa, wanaume wakilalamika kwamba ni zito, udongo wa baridi kiganjani mwake. Hakulia. Hajalia mpaka leo. Watu husema ana moyo wa jiwe, na yeye hawabishii, lakini akijichunguza haoni jiwe. Anaona ganzi tu, kama vidole vya mchuma chai kabla jua halijatoka.

Alichobaki nacho cha baba yake ni sanduku lile. Mama yake alipolitoa kwa maktaba, Elmina aliomba kazi kwenye maktaba hiyohiyo, akapewa chumba cha makaratasi ya kale. Na sasa wachapishaji walikuwa njiani kutoka Nairobi, waje kuyachukua mashairi yote wayatoe kitabu.

Alimweleza mkubwa wake, Wachira, naye akainuka kwanza kufunga mlango.

"Kuna mtu anaongeza uongo kwa hii boksi," Wachira alisema. "Hao watu wakijua, kitabu hakuna. Na hata zile za ukweli hakuna mtu ataziamini tena. Mshike kabla hawajafika."

Wa kushikwa hakuwa wa kutafutwa kwa tochi. Sanduku lile lilikuwa na msomaji mmoja tu, mzee Sagini, aliyesema ni mwalimu mstaafu kutoka Sosiot. Alikuja kila siku ya soko, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, na shavu moja limekunjamana kwa kovu la moto. Alisoma polepole. Mara nyingi Elmina alimwona akitabasamu kabla hajaufunua ukurasa, akamhesabu kuwa mpenzi wa mashairi aliyeyahifadhi yote kichwani. Alikuwa amempenda kidogo kwa ajili hiyo, kama mtu asiyehisi kitu anavyoweza kupenda.

Siku ya soko ilipofika, alimletea sanduku, akaketi mezani pake na kujifanya anashona jalada. Mzee alisoma. Chai aliyoletewa ilipoa pembeni. Halafu mkono ukaingia ndani ya koti, ukatoka na karatasi nyeupe, ukaipenyeza katikati ya nyingine bila haraka, kama mtu anayerudisha kijiko mahali pake.

Elmina aliinuka, akaenda kuweka kiganja juu ya sanduku. Alikuwa amejitayarishia hasira tangu juzi, lakini alipoitafuta hakuipata.

"Mzee, hizi karatasi mpya ni wewe unaandika?"

Mzee aliitikia kwa kichwa. Elmina alimweleza habari ya wachapishaji, na jinsi kazi yote ya marehemu ingetupwa kwa sababu ya kurasa chache za kuigiza. Mzee alisikiliza bila kujitetea.

"Huyu mtu alikufa," Elmina alisema. "Mimi mwenyewe nilimwaga udongo kwa kaburi yake, na hii mkono. Huwezi kuwa unamwongezea."

Mzee alivua kofia, akailaza juu ya meza. Aliutazama ule mkono uliokaa juu ya sanduku, akautazama tena, na kovu lake likacheza kidogo.

"Hiyo kaburi nimeiona," alisema. "Nilisimama nje ya lango nikashindwa kuingia. Lakini kuna kitu kimoja sijawahi kupata wa kumuuliza. Siku ile mama yangu alienda na panga, alikata mgomba gani?"

Elmina aliondoa kiganja juu ya sanduku.

"Ule wa nyuma ya jikoni," alisema, akachukua penseli na kuutia namba ule ukurasa mweupe.