Kilo Mia na Kumi

Abiria wote walikuwa wanaikimbia ndege. Hezron peke yake alikuwa anairudia.

Injini ya kushoto ilishika moto wakati wanashuka kuelekea Songwe. Rubani aliitua hivyo hivyo, abiria wakatoka mikono mitupu, na sasa zimamoto walikuwa wanamwaga povu. Askari alimdaka Hezron shati.

"Mzigo wangu uko mle chini!"

"Mizigo yote kesho, baba, baada ya ukaguzi."

"Kesho? Kesho hapana!"

Hezron alijivuta kuelekea ndege. Tangu Jumanne alikuwa amezungushwa Dar es Salaam: karatasi hii, mhuri ule, dirisha lile. Leo amefika, zimebaki hatua mia moja, anazuiwa.

Rozi, mfanyabiashara wa Tunduma, alikuwa amekaa kwenye nyasi bila viatu. Watu wa mpakani mzigo hauwapiti bila kuuliziwa habari.

"Kaka, mimi nina marobota manne ya vitenge mle, nimeyasamehe. Mali hutafutwa. Wako una kilo ngapi?"

"Mia na kumi."

"Na roho je, ina kilo ngapi?"

Watu wakacheka, maana waliopona hucheka ovyo. Hezron hakucheka. Basi lilipokuja kuwachukua, alikataa kupanda. Rozi, aliyebaki ili amshawishi, alimletea chai; aliikataa pia.

"Hauachwi peke yake," alisema.

Simu yake ikalia. Alikuwa mdogo wake, Clement, anapiga kutoka nyumbani Hasamba.

"Kaka, watu wamejaa hapa tangu asubuhi. Wazee wanauliza kama waanze."

"Waanze na nini? Waambie watusubiri!"

Rozi akatikisa kichwa. "Uchu wa mali huu, jamani, utamuua mtu."

Saa kumi jioni moto ulikuwa umezimika kabisa, na mkuu wa zimamoto alikuwa amechoka kugombana na mtu mmoja. Akamnyang'anya karatasi ya mzigo, iliyoloa jasho, akaisoma. Akairudia. Kisha akawaita watu wake sita.

Mlango wa chini ukafunguliwa. Wale sita walivua kofia kabla hawajainua. Rozi alisimama, akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akakitandika kwenye lami mbele yao.

Hezron aliweka kiganja juu ya mbao za jeneza.

"Tumefika, mama Anna," alisema. "Sikukuacha."